Nani Hasa Alimuua Fumo Liongo? Bishano la Usiku Mmoja Turbo

Mwezi uliopita nilipanda bara kwenda Turbo kumjulia hali dada yangu, aliyekuwa ametoka hospitali. Kwa msiofika huko, Turbo ni mji mdogo kando ya barabara kuu ya kwenda Malaba, kilomita 30 na ushei ukishaipita Eldoret. Malori yanayotoka bandarini kwetu Mombasa kuelekea Uganda hupita hapo usiku na mchana. Kuna msitu wa misonobari na mikaratusi, kuna viwanda vya mbao, na kuna baridi ambayo mtu wa pwani hawezi kuizoea hata akae miaka. Dada yangu ameolewa na Mpokomo wa upande wa Kipini, fundi wa mbao, wakahamia huko kufuata kazi. Vijana wao wawili wamezaliwa na kukulia huko huko. Kiswahili chao ni cha bara kabisa, na mimi huniita "anko" mpaka mama yao awakemee ndipo wakumbuke kusema "mjomba".

Usiku wa kwanza, baada ya Isha, nimejifunika blanketi mbili, nikawasikia wakibishana kana kwamba wanagombea shamba. Mmoja ameapa kuwa mtoto fulani si wa baba yule, mwingine anamwambia hana ushahidi. Nikadhani ni habari za majirani, nikataka kuwakanya kuhusu kusengenya. Kumbe ni Game of Thrones.

Nieleze kidogo kwa wasioijua. Ni hadithi ndefu ya Mmarekani, George R. R. Martin, yenye wafalme, mazimwi yanayotema moto, na koo zinazouana kwa ajili ya kiti. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1996, cha tano mwaka 2011, na cha sita wasomaji wanakingoja hadi leo. Televisheni ya HBO iliionyesha kuanzia mwaka 2011 hadi 2019. Mazimwi ni kivutio kwa wengi, lakini kilichonishika mimi usiku ule ni namna mashabiki wanavyoisoma. Mwandishi anaficha mambo, nao wanafukua. Wanakusanya vijineno, rangi ya ua, ndoto ya mgonjwa, ahadi aliyopewa mtu akiwa mahututi, kisha wanajenga nadharia.

Maarufu kupita zote ni ya Jon Snow. Katika hadithi, bwana mmoja mwenye heshima zake, Ned Stark, anarudi kutoka vitani na mtoto mchanga, anasema ni mwanawe wa nje ya ndoa, na hataki kumtaja mama. Wasomaji makini wakakataa. Wakasema mtu huyu si wa tabia hiyo. Wakaangalia kwamba dada yake alifariki wakati ule ule, akiwa kwenye damu, akimwomba kaka yake amuahidi jambo. Wakahitimisha: mtoto ni wa dada, baba yake ni mwana wa mfalme wa upande wa adui, na Ned anadanganya ili kumuokoa. Walilisema hilo miaka mingi kabla ya televisheni kulithibitisha mwaka 2016. Inasimuliwa pia kwamba watengenezaji wa mfululizo huo walipokwenda kumwomba Martin ruhusa, aliwauliza swali moja: mama yake Jon Snow ni nani? Wakajibu sawasawa, wakapewa kazi.

"Sasa mjomba," akaniuliza mdogo, "wewe unaona ni nani aliyetabiriwa, Jon au Daenerys?"

Nikamwambia sijui, lakini na sisi tunaye wetu, na mafumbo yake hayajafumbuliwa kwa mamia ya miaka. Wakanitazama. Wallahi, hawakuwahi kulisikia jina la Fumo Liongo.

Basi nikawasimulia. Kulikuwa na mtu wa Shaka, upande wa Ozi, karibu na mto Tana unapoingia baharini. "Fumo" ni mkuki, tena ni cheo cha utawala. Mtu huyo alikuwa mrefu wa kutisha, shujaa na mtunga mashairi. Mfalme wa Pate akamhofia. Wageni walipotaka kumwona, Liongo alikuja kaupachika begani mfuko mmoja, na alipoufungua wakakuta ndani kinu na mchi, vyungu, mawe ya kusagia na mafiga yake ya kupikia, nyumba nzima. Alipopuliza panda, ikapasuka. Hapo vijana wakaweka simu chini.

Mfalme akapanga na watu wa msituni wamuue. Wakala naye kwa kikoa, kila mtu zamu yake, na siku moja zamu ikawa ni kupanda mkoma kuangua makoma, ili akiwa juu wamfume mishale. Liongo hakupanda. Alichukua upinde wake akayaangusha makoma kwa mishale akiwa chini. Baadaye akatiwa gerezani kwa minyororo. Mama yake alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada, na walinzi wakala kizuri, wakamwachia makombo. Liongo akamwimbia Saada ujumbe wa kumpelekea mama: aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi wakaudharau mkate wa wishwa, ukamfikia mwenyewe. Kisha akaomba, kabla hajauawa, apigiwe gungu kwa matari na matoazi. Kelele zikahanikiza mji, naye ndani anakereza minyororo. Akatoka.

Hapakuwa na silaha ya kumuua isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo aliijua yeye. Mfalme akamrubuni kijana wa Liongo mwenyewe. Kwa wasimulizi wengine ni mpwa wake, na hapo wapwa zangu wakatazamana na kucheka. Akaahidiwa cheo na binti wa mfalme. Akamdadisi baba mpaka akaipata siri, akamchoma usingizini. Liongo akaamka na maumivu, akachukua upinde na mishale, akaenda kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa hivyo hivyo. Watu wakakosa maji kwa siku kadhaa. Kila aliyechungulia aliona Liongo amelenga. Mama yake ndiye aliyeletwa kumsihi, mpaka mwili ulipoanguka ndipo wakajua.

"Haya, ushahidi uko wapi?" akasema mkubwa. Ndivyo walivyo hawa, wamezoea kudai ushahidi. Nikafurahi, kwa kuwa hapo ndipo penye utamu.

Ushahidi wetu umeandikwa kwa kuchelewa sana. Edward Steere alichapa masimulizi ya Liongo katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili mwaka 1870, aliyoyapata Unguja. Utendi tunaoujua zaidi ni wa Muhammad Kijuma wa Lamu, mshairi, mwandishi wa hati, mchongaji na mpiga muziki, na ni wa mwaka 1913. Alice Werner, mwanamke wa Kiingereza aliyezunguka pwani yetu miaka hiyo, akaandika makala kuhusu simulizi hizo mwaka 1926. Yaani kutoka Liongo mpaka kalamu ya Kijuma kuna karne kadhaa za midomo.

Karne ngapi? Hapa pana nadharia mbili zinazovutana, na kila moja ina ushahidi ndani ya hadithi yenyewe, kama wanavyotaka mashabiki.

Ya kwanza inamrudisha nyuma sana, kabla ya mwaka 1498 Wareno walipofika. Katika simulizi nilizozisoma mimi hamna Mreno na hamna bunduki. Watu wanauana kwa upinde. Mtunzi anayeishi baada ya Wareno kuichoma na kuitoza miji yetu angewezaje kuwasahau kabisa? Ya pili inamleta karibu. Katika utendi wa Kijuma, wanaokuja Pate kufanya biashara na kustaajabia nguvu za Liongo ni Wagala, ndio Waoromo, ambao jina hilo la zamani wenyewe hawalipendi. Na wanahistoria wanasema Waoromo walisambaa mpaka kufika pande za Tana katika karne ya 16 na 17. Kama walikuwepo tangu mwanzo wa kisa, Liongo hawezi kuwa mtu wa karne ya 13.

Unaweza kuokoa nadharia ya kwanza kwa kusema kwamba wasimulizi wa baadaye waliingiza Wagala mahali pa watu wengine waliosahaulika, kama vile bibi leo anavyoweza kusimulia hadithi ya kale akatia lori ndani yake. Mimi naelemea huko. Lakini nikikubali kwamba wasimulizi waliingiza Wagala, sina haki ya kukataa kwamba huenda walitoa Wareno. Kisu hicho kinakata pande zote mbili. Ibrahim Noor Shariff aliichambua upya kadhia hii ya tarehe mwaka 1991, na haijafungwa.

Tunalo jambo moja la hakika. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, yule yule mtunzi wa Al-Inkishafi, aliyaongezea mashairi ya Liongo mishororo yake yakawa takhmisi. Takhmisi ni kuchukua beti la mtu mwingine lenye mishororo miwili ukalitilia mitatu yako ikawa mitano. Hufanyi hivyo kwa shairi la jirani yako la jana. Unafanya kwa shairi lililokwisha kuheshimiwa. Sayyid Abdallah aliishi karne ya 18 na kuingia ya 19, basi kufikia hapo Liongo alikuwa ni wa kale tayari.

Kuna pia wanaosema Liongo si mtu mmoja. Shujaa ni mwingine, mshairi mwingine, na watu wakawashona pamoja. Nyimbo zinazonasibishwa naye ni nyingi na za namna nyingi, za harusi, za gungu, za kujisifu, za kuusifu mnazi. Mwaka 2004 kundi la wataalamu, wakiwemo Abdilatif Abdalla na marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, walizikusanya katika kitabu kimoja, na hata wao waliziita nyimbo "zinazonasibishwa" na Liongo. Neno hilo limewekwa kwa makusudi.

Nilikuwa nimeshapamba moto hapo, chai imepoa, ndipo shemeji yangu, aliyekuwa kimya kwenye kiti chake muda wote, akasema: "Lakini shemeji, hujawaambia alivyowafanya babu zao."

Nikamuuliza nani. Akasema Wapokomo. Kwao, Liongo si shujaa wa mashairi. Ni mtawala wa Ozi aliyewatoza watu wa mto, na kodi haikuwa mahindi, ilikuwa watu, vijana wa kiume na wa kike. Alisikia hivyo kwa bibi yake. Bibi huyo hakuimba gungu lolote kwa ajili ya Liongo, na alipofika kwenye kifo hakusikitika.

Nilitaka kumbishia, kusema kweli. Nimelelewa na Liongo kama mtu wetu. Jina lake nimelisikia kwenye harusi kabla sijajua kusoma. Lakini nikakumbuka kwamba Werner naye aliandika kuwa Wapokomo walikuwa na kumbukumbu yao ya Liongo kama bwana aliyewatoza, na mimi nilipoisoma sehemu hiyo miaka iliyopita niliipita haraka haraka. Nikanyamaza. Nikiirudia ile hadithi kichwani, nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona: kila kabila jirani limo ndani yake, na kila moja limepewa kazi isiyo nzuri. Wa msituni wanatumwa kuua kwa mshale. Wagala wanakuja kutaka mbegu. Wapokomo, walioishi kwenye mto ule ule alioutawala, katika utendi ninaoujua hawana hata sauti. Aliyeandika alikuwa mtu wa Lamu, akiwaandikia wanaojua gungu ni nini. Simlaumu Kijuma. Aliandika alichopokea, na bila yeye tungekuwa na kidogo mno. Ila Ned Stark pia alikuwa akisimulia habari za mtoto yule kwa namna yake, na wasomaji hawakuridhika na neno lake peke yake.

Yule mkubwa hapo akatoa nadharia yake, na sijawahi kuisoma popote. Alisema: "Mjomba, umesema Wagala walimwoza Liongo binti yao ili wapate mtoto mwenye nguvu. Huyo mtoto ndiye aliyemuua?" Nikasema ndiyo, katika utendi wa Kijuma kijana ni wa mama huyo. "Na mama yake alikwenda wapi?"

Nikafikiri. Sikumbuki. Baada ya kuzaa, katika simulizi ninazozijua, hatajwi tena. Mama wa Liongo yuko kila mahali, gerezani, kisimani, anaoka mkate, anamsihi maiti. Mama wa kijana hayupo.

"Basi," akasema, "labda hakumuua kwa sababu ya binti wa mfalme. Labda alikuwa na hesabu yake ya upande wa mama, na mfalme akampa nafasi tu."

Tuliipima nadharia hiyo mpaka saa sita usiku. Dhidi yake kuna maneno ya wazi ya hadithi: kijana ameahidiwa cheo na mke, akakubali, na wasimulizi wengi wanasema hakupata alichoahidiwa na akaishia kudharauliwa. Hadithi inataka awe mfano wa mtoto msaliti, na inasisitiza hivyo kwa nguvu. Kwa upande wake kuna ule ukimya wa mama, na kuna kitovu. Ndio, kitovu. Kwa nini sindano iingie hapo na si moyoni au shingoni? Wagiriki walimpa Achilles kisigino, Wajerumani wakampa Siegfried doa mgongoni, Waajemi wakampa Isfandiyar macho. Sisi tumechagua kovu ambalo kila mtu anaachiwa na mama yake. Kwangu mimi hadithi hii tangu mwanzo ni ya mama na mwana, na kwa hivyo kijana asiye na mama ndani yake ni tundu linaloonekana. Kwamba tundu hilo linathibitisha kisasi, hapana. Linathibitisha tu kwamba kuna mtu hakuulizwa.

Na mimi nikatoa yangu, kwa kuwa na mzee pia anaruhusiwa. Ni ile picha ya kisimani. Mtu amekufa, mwili umesimama na silaha, na walio hai wanaendelea kumwogopa mpaka mwili uanguke. Kila aliyepita chuoni anaijua picha inayofanana nayo. Katika Surat Saba, aya ya 14, Nabii Suleiman, alayhi salaam, anafariki akiwa ameegemea fimbo yake, na majini wanaendelea na kazi ngumu bila kujua, mpaka mdudu wa ardhi alipoila fimbo, akaanguka. Simfananishi Liongo na Nabii, astaghfirullah. Nasema tu kwamba waliosimulia kisa hiki, kizazi baada ya kizazi, walikuwa watu waliokuwa na aya hiyo vifuani, na walipotaka kueleza kifo cha mtu aliyetisha akiwa hai na akiwa maiti, huenda ulimi uliwapeleka huko wenyewe bila kukusudia. Wako wanaobishana kama Liongo alikuwa Muislamu au la, wakitaja tembo la mnazi kwenye nyimbo zake. Hilo mimi simhukumii. Ila waliomsimulia walikuwa Waislamu, na alama zao zimo.

Shemeji akanisikiliza mpaka mwisho, akasema inawezekana, kisha akauliza: "Na maji ya kisima hicho walikuwa wakiyakosa nani?"

Sikumjibu. Mji wenye kisima ulikuwa wa Liongo au wa mfalme? Wasimulizi hawakubaliani. Kaburi linaloitwa la Liongo huonyeshwa Kipini, na magofu ya Ungwana, aliyoyachimba James Kirkman miaka ya 1950, hayako mbali na hapo. Shemeji amezaliwa saa moja kwa miguu kutoka hapo, na hajawahi kulizuru kaburi hilo. Hakuna aliyemwambia kuwa linamhusu.

Asubuhi nilipanda gari kurudi, ukungu umejaa barabarani mpaka Eldoret. Nilipofika Nakuru simu ikalia, ujumbe wa yule mdogo ambaye usiku alikuwa amesema machache. Aliandika: "Mjomba, Liongo alipotoroka aliwaua walinzi. Saada je? Mfalme lazima alijua ni nani alikuwa akileta mikate. Alimfanya nini?"

Nimepekua nilivyonavyo nyumbani tangu siku hiyo. Saada anabeba ujumbe, anabeba mkate, kisha simjui tena alikokwenda. Msomaji uliye Kipini, Witu, Siu, Faza au Ngao, kama una bibi au shangazi aliyesikia habari za kijakazi huyo baada ya mkate wa wishwa, au aliyesimuliwa Liongo kwa upande wa mto, tuandikie hapa kama alivyosema yeye, kwa lahaja yake. Nitawapelekea vijana Turbo.